Soma Ubao Kabla ya Ankara: Namba ya Ushuru kwa Sakafu ya Mianzi

Chukua kipande cha sakafu ya mianzi, hata cha urefu wa kiganja, ukikate kwa msumeno mkali, kisha ukitazame pale kilipokatwa. Usihangaike na uso wake wa juu. Huko kuna vanishi na rangi ya asali, na vyote viwili havina neno la kumwambia afisa wa forodha. Tazama mbavuni.

Ninavyo vinne mezani hapa ninapoandika. Cha kwanza ni fito za mwanzi zilizosimama bega kwa bega na kushikanishwa kwa gundi, kila ufito ukianzia juu mpaka chini bila tabaka jingine. Cha pili kina mwanzi juu tu, unene wa milimita tatu hivi, umebandikwa juu ya mbao laini nyeupe zilizolazwa kukingamana nao. Cha tatu hakina fito wala tabaka: ni nyuzi tupu zilizoshindiliwa pamoja, rangi ya kahawa, na ukikipima mkononi ni kizito kuliko vyote. Cha nne kinapendeza kuliko wenzake na vifundo vya mwanzi vinaonekana waziwazi, lakini ukikikwaruza kwa ncha ya kisu vifundo vinabanduka kama karatasi. Ndivyo vilivyo, ni picha iliyochapwa kwenye karatasi, na chini yake kuna nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa.

Dukani vyote vinne huitwa sakafu ya mianzi. Forodhani vinaweza kupewa namba nne tofauti, na kila namba ina kiwango chake cha ushuru. Watu wengi wenye biashara zao nzuri hulijua hili kontena likiwa limeshashushwa, siku za bure za kuhifadhi mzigo zinakatika na wakala anapiga simu kuuliza maswali ambayo yangejibiwa kwa urahisi miezi miwili nyuma. Makala hii ni kwa anayetaka kuyajibu mapema.

Namba inavyosomeka

Namba tunayoizungumzia hutoka kwenye mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaojulikana kwa herufi HS. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1983 na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Msimamizi wake ni Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, Ubelgiji, na mfumo huu unatumiwa na nchi na maeneo zaidi ya 200. Kila baada ya miaka kadhaa hufanyiwa marekebisho. Toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2022.

Tarakimu mbili za mwanzo zinataja Sura, nne zinataja kichwa, sita zinataja kijichwa. Mpaka hapo dunia nzima inasoma namba moja. Baada ya hapo kila nchi au jumuiya huongeza za kwake. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, ndiyo maana namba katika kitabu chetu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha zina tarakimu nane. China huongeza zaidi ya hizo. Kwa hiyo muuzaji wa China akikupa namba ndefu yenye tarakimu kumi, sita za mwanzo ndizo zenye maana kwako, na hata hizo utazihakiki mwenyewe kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Uainishaji una kanuni sita, na ya kwanza ndiyo mama. Inasema majina ya Sura ni ya kuongoza tu. Kinachoamua ni maneno ya kichwa chenyewe pamoja na madokezo ya kisheria yaliyoandikwa mwanzoni mwa Sura. Anayetafuta namba kwa kuandika jina la bidhaa kwenye simu na kuchukua jibu la kwanza huyaruka madokezo haya, na kwa mianzi ndiko liliko jibu lote.

Nyasi inayohesabiwa mbao

Mazungumzo ya namna hii husikika sana kati ya wakala kijana na mwenye mzigo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mzigo wangu umefikia wapi?”

“Afisa anauliza, mama. Zile mbao zako za sakafu ni za tabaka au ni nzima?”

“Mbao? Mimi sikuagiza mbao, baba. Nimeagiza mianzi.”

Mama hakukosea. Mwanzi ni jamii ya nyasi, ndugu wa mtama na muwa, na aliyekulia Iringa au Njombe akiuona ukigemwa ulanzi hawezi kuuita mti. Lakini afisa naye hakukosea. Sura ya 44, ambayo ni ya mbao na vitu vya mbao, ina Dokezo la 6 linalosema kwamba neno “mbao” katika vichwa vya Sura hiyo linahusu pia mianzi na vitu vingine vyenye asili ya mti, isipokuwa pale muktadha unapokataa au pale Dokezo la 1 linapovitoa. Kwa dokezo hilo moja mwanzi uliochongwa kuwa ubao wa sakafu unaingia Sura ya 44 pamoja na mninga na msonobari.

Dokezo la 1 nalo lina la kwake. Mianzi mibichi au mikavu ambayo bado ni malighafi, hata ikiwa imepasuliwa au kukatwa kwa vipimo, haimo Sura ya 44. Iko kichwa cha 14.01, kijichwa 1401.10. Mikeka na mapazia ya fito za mwanzi iko 4601.21. Viti vya mwanzi viko 9401.52, na samani nyingine za mwanzi 9403.82. Nayataja haya kwa sababu kontena moja la muuzaji wa vifaa vya nyumbani mara nyingi hubeba yote, na mtu huona raha kuyaandika kwa mstari mmoja, “bidhaa za mianzi”. Mstari huo utamrudia.

Mianzi haikuwa na namba zake ndani ya Sura ya 44 tangu mwanzo. Kwa miaka mingi ilijificha ndani ya vijichwa vya “nyinginezo”, na takwimu za biashara yake hazikuonekana. Toleo la 2007 ndilo lililoleta 4409.21 na 4412.10. Toleo la 2017 likaongeza 4418.73 kwa paneli za sakafu, 4418.91, 4421.91 na namba za vyombo vya mezani. Ndiyo maana ukifungua ankara ya zamani ya jirani yako na kunakili 4418.72, utakuwa umechukua namba iliyokufa. Ilikuwa ya paneli za tabaka nyingi katika toleo la 2012, na toleo la 2017 likaifuta. Kunakili namba ya mwenzio ni tabia iliyoenea mno, na ni mbaya hata pale mzigo unapofanana kwa macho.

Turudi mezani

Kipande cha kwanza, cha fito zilizosimama, ndicho rahisi kuliko vyote. Kichwa cha 44.09 kinahusu mbao zilizochongwa umbo mfululizo kwenye ukingo, ncha au uso wowote, na kinavitaja kwa jina vibao vya sakafu ambavyo havijaunganishwa. Kupitisha kidole kwenye ukingo kunatosha: upande mmoja kuna ulimi umechomoza, upande wa pili kuna mfereji wa kuupokea. Hilo ndilo umbo linalotakiwa. Hata ubao usio na ulimi, ambao ukingo wake umekatwa mshazari tu urefu wote, unatimiza sharti. Kwa kuwa ni mwanzi, kijichwa ni 4409.21. Vanishi haibadilishi kitu. Ubao usiochongwa kabisa, wenye kingo nyoofu pande zote, hauwi tena wa 44.09 hata kama mnunuzi anakusudia kuutandika sakafuni, na itabidi utafutiwe kichwa kingine.

Namba hiyo hiyo inawapokea wenzake wanaosafiri naye: vibao vya pembeni mwa ukuta na vya kumalizia mlangoni, vikiwa vya mwanzi mtupu uliochongwa mfululizo. Mbao za nje za mwanzi, zile zenye mifereji usoni ili mtu asiteleze kwenye baraza au kando ya bwawa, nazo huanza kuangaliwa hapa.

Kipande cha pili kinahitaji utulivu. Kina tabaka. Hapa vichwa viwili vinagombea, 44.18 na 44.12, na tofauti yake iko kwenye milimita chache za juu. Kichwa cha 44.18 ni cha kazi za useremala wa majengo, zikiwemo paneli za sakafu zilizounganishwa. Maelezo ya ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanasema kinachukua pia paneli ambazo vibao vimeunganishwa juu ya msingi wa tabaka moja au zaidi za mbao, na kwamba tabaka la juu, lile la kukanyagwa, kwa kawaida huundwa na safu mbili au zaidi za fito. Kijichwa 4418.73 kinataja wazi paneli za mwanzi, au zile ambazo angalau tabaka la juu la kukanyagwa ni la mwanzi. Kwa hiyo msingi wa msonobari hauufukuzi mzigo kwenye namba ya mwanzi. Kipande changu, chenye safu tatu za fito juu zinazoonekana ubavuni, kinaelekea huko.

Lakini tuseme tabaka la juu si fito, ni vinia nyembamba kama ganda la yai, iliyolazwa juu ya plaiwudi ili ubao ufanane na sakafu ya fito. Maelezo yale yale ya ufafanuzi yanaipeleka paneli ya namna hiyo 44.12, pamoja na plaiwudi. Na usidhani kuwa ulimi na mfereji utaitoa huko: Dokezo la 4 la Sura ya 44 linaruhusu bidhaa za 44.10, 44.11 na 44.12 kuchongwa maumbo yale yale ya 44.09 bila kuacha vichwa vyao, mradi zisigeuke kuwa kitu cha kichwa kingine. Nimeona hoja nyingi za waagizaji zikianguka hapa. Mtu anasema, “Mbona una ulimi kama ule wa kwanza?” Kweli unao. Kilichoamua si ulimi, ni kilicho chini ya ngozi.

Kuna ndugu wa kipande hiki anayesumbua zaidi: ubao wa tabaka tatu ambazo zote ni mwanzi, fito zikiwa zimelazwa badala ya kusimamishwa. Anayeyaona matabaka humpeleka 44.18 au 44.12. Anayeuona mwanzi mtupu wenye umbo lililochongwa humpeleka 44.09. Kila upande una hoja, na mwelekeo wa nyuzi katika tabaka la katikati huwa na uzito katika mjadala. Ubao huu usiutie melini kwa namba ya kubahatisha.

Wala usikibahatishe kipande cha tatu, kile kizito. Hutengenezwa kwa kupasua mwanzi kuwa nyuzi, kuzilowesha kwenye gundi ya kemikali, kisha kuzishindilia kwa mashine zenye nguvu kubwa hadi ziwe gogo linalochanwa mbao. Ni ngumu kuliko mwanzi wa kawaida, na wauzaji hujivunia hilo katika vipeperushi vyao. Sasa soma Dokezo la 2 la Sura ya 44. Linaeleza mbao zilizoshindiliwa kuwa ni zile ambazo, kwa kutiwa dawa au kukandamizwa, zimeongezeka uzito kwa ujazo au ugumu na pia uimara. Kichwa chake ni 44.13, na kinachukua pia mbao za umbo lililochongwa. Maneno ya kipeperushi cha muuzaji yanakaribiana na maneno ya dokezo kiasi cha kushangaza. Mtu ameandika 4409.21 kwenye tamko lake, halafu akaambatanisha kipeperushi kinachosifu ugumu uliopatikana kwa kushindilia; amempa afisa sababu ya kuuliza, na afisa anayeuliza hapo anafanya kazi yake sawasawa. Hapa ndipo ripoti ya kiwanda kuhusu kiasi cha gundi na uzito kwa ujazo inakuwa na thamani kuliko picha kumi za sebule.

Cha nne hakina ugumu, kina majonzi tu kwa aliyenunua akidhani ni mwanzi. Ni ubao wa nyuzi laini za mbao, na kichwa chake ni 44.11. Kijichwa hufuata unene: ukizidi milimita 5 lakini usizidi 9, ni 4411.13, ukizidi 9, ni 4411.14. Ule wa plastiki wenye picha ya mwanzi, unaouzwa sana siku hizi kwa sababu hauogopi maji, uko Sura ya 39 kabisa, kichwa cha 39.18, na ukiwa wa PVC ni 3918.10. Picha ya mwanzi si mwanzi. Muulize muuzaji kwa maandishi tabaka la kukanyagwa limetengenezwa kwa nini, na jibu lake ulitunze.

Fedha inapoingia

Nchi zinazotumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki zina madaraja manne makuu tangu tarehe 1 Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35. Kabla ya hapo, tangu umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, yalikuwa matatu. Daraja la mzigo wako utalisoma kwenye kitabu kinachotumika siku ya kuutangaza, na si hapo tu. Kila mwaka, kuelekea tarehe 1 Julai, Gazeti la Jumuiya hutangaza mabadiliko, na nchi moja moja huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Aliyeagiza Mei na kupokea Julai amevuka mpaka huo akiwa baharini.

Tufanye hesabu ili uzito wake uonekane. Chukua mzigo ambao thamani yake ya forodha, yaani bei, bima na nauli ya meli mpaka bandarini, ni shilingi milioni 60. Kwa daraja la asilimia 10, ushuru ni milioni 6. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 kwa bidhaa kama hii, haihesabiwi juu ya 60 bali juu ya 66, nayo inafika milioni 11.88. Jumla, ukiacha tozo ndogondogo kama ya reli, ni milioni 17.88. Mzigo huohuo kwa daraja la asilimia 25 unadaiwa ushuru milioni 15 na kodi milioni 13.5, jumla milioni 28.5. Kwa asilimia 35 unafika milioni 35.58. Kati ya daraja la chini na la juu katika mfano huu kuna milioni 17.7, na ubao haujabadilika hata chembe.

Mwenye usajili wa kodi ya ongezeko la thamani anaweza kuirudisha ile kodi kupitia mauzo yake. Ushuru wa forodha haurudi kwa njia hiyo; ni gharama yako, na lazima iwemo kwenye bei ya mita ya mraba unayomtajia mteja. Fundi aliyempa mteja bei ya nyumba nzima kabla ya kujua namba amejifunga kamba.

Na kishawishi cha kuchagua namba ya bei nafuu kipo, sitajifanya hakipo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inahesabu tamko la uongo kuwa kosa la jinai, adhabu yake ikiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Ushuru uliolipwa pungufu unaweza kudaiwa ndani ya miaka mitano, na nyaraka zako unatakiwa kuzitunza kwa miaka hiyo mitano. Wakaguzi wanaokuja dukani baada ya mzigo kutoka hawaji kutazama kontena, wanakuja kutazama faili. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa mwagizaji daftari hilo linapaswa kuwa na kipande cha ubao ndani yake.

Mkiandika ankara

Mianzi mingi ya sakafu hutoka China, hasa mkoa wa Zhejiang, ambako wilaya ya Anji inajulikana kwa misitu ya mwanzi uitwao moso. Viwanda vya huko vinajua vizuri vinachotengeneza. Tatizo ni kwamba kampuni inayokuuzia mara nyingi ni dalali, na namba anayoiandika ni ile inayomfaa yeye anapotoa mzigo kwao. China hurudishia wauzaji wa nje sehemu ya kodi, na kiwango cha marejesho hutofautiana kwa namba. Simtuhumu mtu, nasema tu kwamba namba ya kutokea na namba ya kuingilia zina maslahi tofauti, na wewe ndiye utakayesaini tamko la kuingilia.

Kwa hiyo usiombe namba, omba maelezo. Mwambie akupigie picha ya ubavu wa ubao uliokatwa, karibu kabisa, rula ikiwa kando yake. Akuandikie idadi ya tabaka, unene wa kila moja, kila tabaka ni la nini, nyuzi zinaelekea wapi, na ukingo una umbo gani. Kisha mkubaliane maneno ya ankara kabla hajaichapa. “Sakafu ya mbao, katoni 400” ni maneno yanayoweza kumaanisha namba sita. Linganisha na haya: vibao vya sakafu vya mwanzi mtupu, fito zilizosimama na kugundishwa, tabaka moja, ulimi na mfereji pande nne, vimepakwa vanishi kiwandani, urefu milimita 960, upana 96, unene 15. Afisa akisoma hayo na kufungua katoni moja akaukuta ubao unaofanana nayo, mengi yamekwisha. Maneno hayo hayo yaende kwenye orodha ya vifungashio na kwenye hati ya shehena, kwa sababu nyaraka tatu zinazotofautiana huzaa swali hata pale ubao wenyewe hauna utata.

Vitu vinavyofuatana na sakafu viandikwe kila kimoja kivyake. Gundi iliyotayarishwa kwa matumizi iko kichwa cha 35.06. Skrubu za chuma ziko 73.18. Sponji la plastiki la kutandika chini liko Sura ya 39. Ukivificha vyote ndani ya bei ya ubao umeharibu thamani pamoja na namba. Na mapaleti ya mbao yanayobeba katoni yawe na mhuri wa kimataifa wa ISPM 15 kuonyesha yametibiwa dhidi ya wadudu. Huo ni mlango mwingine wa ukaguzi, lakini kontena ni lilelile na siku za bandarini ni zilezile.

Uliza kabla ya meli

Sheria ya forodha ya Jumuiya inakuruhusu kumwomba Kamishna uamuzi wa awali kuhusu namba ya bidhaa yako kabla hujaiagiza. Unaomba kwa mamlaka ya mapato ya nchi utakayopitishia mzigo: TRA kwa Tanzania, KRA kwa Kenya, URA kwa Uganda. Unaeleza bidhaa, unaambatanisha sampuli na maelezo ya kiwanda, na unapewa jibu la maandishi ambalo forodha italiheshimu mradi mzigo uliofika ni ule ule uliouelezea. Haki hii imo pia katika Mkataba wa Urahisishaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017. Inasikitisha jinsi inavyotumiwa kidogo na wafanyabiashara wadogo, ambao ndio wanaoumia zaidi kontena moja likikwama.

Katika ombi lako usiandike, “Naomba namba ya sakafu ya mianzi.” Pendekeza namba na utoe sababu: kichwa hiki, kwa maneno haya, kwa dokezo hili, na nimekataa kichwa kile kwa sababu hii. Wakala mzuri atakusaidia kuiandika. Ukiona wakala wako hataki hata kuuona ubao na anasema tu, “Bosi, hiyo niachie mimi, naijua,” mpe sampuli na umsubiri aitazame. Hiyo ni kazi unayomlipa.

Mzigo ukiwa umeshafika na mkatofautiana, bado kuna njia. Aliyeumizwa na uamuzi wa forodha anaweza kuomba upitiwe upya na Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi huo. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo sheria inachukulia kwamba amekubali ombi. Jibu lisiporidhisha, kuna rufaa kwenye baraza la rufani za kodi ndani ya siku 45. Na kama uligundua mwenyewe kwamba ulilipa zaidi kwa sababu ya namba isiyo sahihi, ombi la kurejeshewa lina muda wa miezi 12 tangu ulipolipa. Siku hizi zihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kwa kuwa hoja nzuri iliyochelewa haisikilizwi.

Mimi vipande vyangu vinne nimevikata kila kimoja mara mbili. Nusu moja ni ya kwenda na ombi, imeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino: jina la kiwanda, tarehe, unene wa kila tabaka na namba ninayoipendekeza. Nusu ya pili inabaki kwenye droo pamoja na nakala ya ankara. Mzigo ukifika na katoni ya kwanza ikafunguliwa, nitautoa ubao mmoja, niukate, niuweke kando ya nusu ile ya droo, na nitazame mbavuni kama ni ndugu kweli.